Samaki Kiunoni, Kwenye Viti vya Wakubwa

Sikilizeni, kabla mtu hajawaletea hii habari ikiwa imetiwa chumvi, wacha niseme kwa mdomo wangu: ndiyo, mimi ndiye nilinaswa na kiti cha ndege, angani, kule mbele wanakokaa wakubwa, mpaka wahudumu watatu wakanifunua sweta mbele za watu. Ni mimi Wabwire, fundi simu wa hapa Busia upande wa Uganda, yule mnamjua kwa mdomo na hasira za karibu. Chekeni mmalize, ndio niendelee.

Mnamjua dada yangu Nekesa, yule alikwenda Kanada kazi ya kutunza wazee. Alimwacha binti yake Taaka kwa mama akiwa na miezi minne. Mama akalea, halafu mwaka jana mama akatutoka, nyumba ikabaki ya watu wawili, mimi na Taaka, na huyo Taaka hata meno hajamaliza kuota. Nikajifunza mwenyewe, kama vile simu nilijifunza kwa kuzifungua na kuziharibu (ila mtoto huwezi kumfungua ukaweka skrubu pembeni). Nikajua kupika uji wa wimbi usiwe na madonge, nikajua kufunga nepi, nikajua kusuka nywele, vibaya, lakini nikajua. Kazini alikuwa anakaa juu ya meza yangu katikati ya simu mbovu, ananiita Koja, yaani mjomba, na mtu akipita akiuliza ni mwanaume gani huyu anabeba mtoto mgongoni kama mwanamke, ah, tulikuwa tunashikana mashati hapo hapo, muulizeni yule wa matairi kwenye barabara ya Tororo.

Sasa makaratasi ya Nekesa yakatoka. Akapiga simu analia kwa furaha, ati mlete mwanangu, na yule bibi tajiri ninayemtunza ametoa tiketi zake za kule mbele, kwa sababu amesema mtoto asije amebanwa kama gunia. Taaka alikuwa hajafika miaka miwili, kwa hiyo hapewi kiti, kiti chake ni mapaja yangu, njia yote. Mimi nikasema sawa dada, nimefurahi sana, nikakata simu, nikapiga teke ndoo ya maji mpaka ikapasuka.

Nekesa aliomba kitu kimoja tu: mbuta wa moshi kutoka Lumino, kwa yule mama ambaye mama yetu alikuwa ananunua kwake. Nikaleta samaki wawili wakubwa, wamekauka vizuri, rangi ya chai. Pale uwanja wa Entebbe kwenye mashine ya ukaguzi waliwatazama samaki, wakanitazama mimi, wakacheka, wakasema pita. Shida ilianza tulipobadilisha ndege kule kwa Waarabu. Kuna mwanaume mmoja Mkenya kwenye foleni ya mashine akaona mfuko wangu, akaniambia, "Kaka, hiyo samaki wakiiona kule unakoshukia inaenda kwa pipa, nakuambia." Basi. Maneno ya mtu nisiyemjua hata jina.

Nyinyi ni watu wa mpakani, mnajua tunafanya nini na kitu tusichotaka afisa aone. Mama yetu alipitisha sukari njia za panya miaka mingi, sukari iko kiunoni chini ya gauni, imefungwa na leso kwa fundo ambalo ukilivuta ndio linazidi kukaza, na mimi nilimwangalia tangu mdogo. Kwa hiyo tulipomaliza mashine ya mwisho nikaingia choo na Taaka, nikatoa leso ya mama (nilikuwa nayo ya kumfunikia mtoto), nikapanga samaki mmoja kila upande wa kiuno, nikafunga fundo la mama nyuma, nikateremsha sweta. Taaka akanigusa tumbo akasema, "Koja mnene." Nikamwambia nyamaza.

Sasa kule mbele, jamani. Kiti ni kama kitanda cha hospitali ya matajiri, kuna vitufe, kuna taa, kuna kablanketi, unapewa taulo ya moto hata hujachafuka mikono. Mhudumu mmoja alikuwa dada wa kutoka Kitale, anaitwa Fridah, akanifungia ule mkanda mdogo wa mtoto unaoshikana na mkanda wangu, akasema kwa Kiswahili, "Kaka, taa ya mkanda ikiwaka, huyu lazima awe kwako, amefungwa hivi. Hata kama amelala." Nikasema huyu haendi kwa mtu mwingine, usiwe na wasiwasi, huyu ananijua mimi tu. Na nilisema kwa maringo, haki ya Mungu.

Upande wa pili wa njia alikaa mzee mmoja wa Nairobi, suti ya kijivu, kitambi cha heshima. Tumepaa kama saa moja, joto la mwili wangu limewaamsha samaki, harufu ikaanza kutembea. Mzee akanusa. Akanusa tena. Akasema, "Kijana, mpeleke huyo mtoto akabadilishwe."

Mimi najua ni samaki. Najua kabisa! Lakini kusikia ananyooshea Taaka kidole, damu ikapanda. "Mzee, huyu mtoto ni msafi kuliko hiyo suti."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Na usimnuse tena."

Watu wakageuka. Fridah akaja mbio, pole wazee wangu, pole, akaleta karanga. Mimi nikajigeuza upande wa dirisha kwa hasira, nikamkumbatia Taaka amelala kifuani, nikabonyeza kitufe cha kulala ili nisimwone yule mzee. Kiti kikaanza kujinyoosha taratibu, vvvvv, halafu kikasema krr, kikasimama katikati, mimi niko nusu kukaa nusu kulala kama mtu anayenyolewa ndevu. Nikataka kuinuka, siinuki. Kumbe ncha ya leso ilikuwa imechungulia nje ya sweta, ikaingia kwenye mwanya wa kiti, kile kiti kikaitafuna, na kadiri kinavyovuta, fundo la mama linafanya kazi yake. Samaki wakaanza kuvunjika, miba inanichoma mbavuni. Nikabonyeza kitufe cha kurudi juu. Taa nyekundu. Nikabonyeza vyote. Dirisha likafungwa, taa ya kusomea ikawaka, kiti hakisogei.

Hapo mtu mwenye akili angemwita Fridah. Mimi? Niseme nini, na nimetoka kutukana mzee kwa ajili ya harufu? Nikajifunika kablanketi. Fridah akapita, "Kaka, nikuinulie kiti ule?" Nikasema hapana, hivi ndio napenda. Nikala wali nimelala, mwingi ukaingia shingoni.

Halafu Taaka akaamka. Akataka kutembea. "Koja, simama. Koja, twende." Mimi nambembeleza, namwimbia, nampa rimoti, hataki, akafungua mdomo akalia kilio cha ng'ombe aliyenaswa na kamba, dakika kumi, dakika ishirini. Mzee akashindwa kuvumilia.

"Lakini si usimame umtembeze mtoto!"

"Sisimami."

"Kwa nini?"

"Ni mila. Kwetu mtoto anabembelezwa mtu akiwa amelala."

"Kwenu wapi?"

"Busia."

"Busia ipi? Mimi nimefanya kazi Busia miaka sita!"

Fridah akaja, akanyoosha mikono, akamwambia Taaka, "Njoo kwa shangazi, mama." Na mimi nikajisemea haendi, sasa wataona kilio chenyewe. Taaka akamwangalia. Akanyamaza. Akanyoosha mikono yake yote miwili, akaenda.

Alienda, jamani. Hakugeuka hata. Nikamwona anabebwa mbele, anachekewa na huyu, anapewa biskuti na yule, akashuka chini akatembea mwenyewe kwenye ile njia kama anakagua gwaride, mwisho akasimama mbele ya mzee wa suti, mzee akampa zabibu, akampakata. Nikaita, "Taaka!" Akanitazama, mdomo umejaa, akanipungia mkono. Ile bai-bai niliyomfundisha mimi, kwa kuwapungia malori pale mpakani.

Sijui niseme aje. Nimelala pale nimefungwa, tumbo limekazwa, kablanketi hadi kidevuni, watu wamejaa kila upande, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata ile wiki ya kumzika mama. Kwa sababu kichwani nilikuwa nimepanga: atamkataa Nekesa, atalia, atanishika shingo, na Nekesa ataona, atasema basi Wabwire rudi naye. Sikumwambia mtu, lakini ndiyo ilikuwa safari yangu. Na sasa namwona anakula zabibu kwa mtu aliyenitukana.

Ndege ikaanza kuruka kama iko kwenye mashimo ya barabara ya Bulumbi. Taa ya mkanda ikawaka. Fridah akaja kubonyeza kitufe ili kiti changu kipande juu, hakipandi. "Kaka, inuka kidogo." Siinuki. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao, mwanamke mrefu hacheki, wakavuta kablanketi, wakafunua sweta, na pale, mbele ya watu wa heshima, ikatokea leso ya maua mekundu na mkia wa mbuta.

"Hii ni nini?" Fridah akauliza, polepole.

"Zawadi."

Wakajaribu kufungua fundo. Wapi! Yule mkubwa akaleta mkasi. Nikamshika mkono, nikapiga kelele kwamba hii ni leso ya marehemu mama yangu, ukitaka kukata anza na kidole changu. Ndege ikaanguka kidogo, ile ya roho kubaki juu, mtu akapiga yowe. Fridah akainama karibu na sikio langu. "Kaka, kiti cha mzee hakina mkanda wa mtoto. Amemshika kwa mikono tu. Mimi siwezi kumleta kwako ukiwa hivi. Sema haraka."

Nikamtazama Taaka. Mzee amemzungushia mikono yote, jasho linamtoka.

"Kata," nikasema.

Walikata. Nikachomoka, kiti kikapanda chenyewe kwa nguvu, samaki wakaruka vipande vipande kwenye njia, kichwa kimoja kikaenda kusimama kwenye kiatu cha mama mmoja Mhindi. Taaka akaletwa, tik, mkanda. Mzee akaokota mkia karibu na mguu wake, akaunusa, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mbuta! Na nimemsingizia mtoto masaa manne!" Akamwomba Taaka msamaha. Taaka, si mimi. Mimi aliniangalia tu akatikisa kichwa, na hiyo niliistahili.

(Vile vipande Fridah alivikusanya kwenye mfuko. Kule Kanada afisa akafungua, akauliza ni nini, nikasema samaki wa moshi, akasema pita. Pita! Bila hata kuinua macho.)

Nekesa alikuwa amepiga magoti pale wanapotokea watu, hajui kama atakumbatiwa au atakimbiwa. Taaka alisimama kati yetu kidogo. Mimi nikamgusa mgongo nikamwambia, "Ni mama. Nenda." Akaenda. Nekesa akalia mpaka watu wa mizigo wakasimama. Mimi nilifurahi kwa ajili ya dada yangu, na mtu akisema sikufurahi tutagombana, lakini nilikuwa nashika ule mfuko wa samaki na mikono yangu haijui pa kukaa.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kuondoka Nekesa akaniambia, "Wabwire, muage mtoto." Ilikuwa mchana, Taaka amelala usingizi wa baada ya uji. Nikasema mwache, akiniona atalia, kwetu mtoto anaachwa akiwa amelala, na hii haikuwa uongo, ndivyo tunavyofanya sote, wewe unachukua begi, unatembea kwa vidole, unafunga mlango polepole. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kuwa hatalia. Niliogopa atanipungia mkono tena.

Nekesa alinipigia nikiwa bado uwanja wa ndege. Taaka ameamka. Ametafuta chini ya kitanda, amefungua kabati, amegonga mlango wa choo, "Koja, toka." Halafu akakaa mlangoni akakataa kula.

Kiti cha kurudi kilikuwa kilekile cha wakubwa. Mhudumu mwingine akaniuliza kama nahitaji chochote, nikamwambia hapana, na sikubonyeza kitufe hata kimoja.

Kwa hiyo mkinitania kuhusu samaki, nitacheka na nyinyi, ile nimeshazoea. Lakini kumwacha mtu amelala ukaondoka, sirudii tena maisha yangu. Afadhali nimwamshe anililie, au anipungie mkono, yote sawa, ajue tu nimeenda. Sasa kila Jumapili napiga simu ya picha, Nekesa anamwita, njoo Koja huyu hapa, na Taaka anakuja, anatazama simu, halafu anageuka anakaa na kunipa mgongo. Hasira hizo mnajua amezitoa wapi. Haondoki lakini. Anakaa palepale. Basi mimi namhadithia mambo ya hapa, nani amenunua pikipiki, mvua imenyesha, simu gani imenishinda, naongea na ule mgongo mdogo mpaka bando inaisha.