Jerusha Alivyouvunja Muungano wa Wazungu wa Thumama

Kuna watu wanadhani hapa Doha hakuna mtu wetu aliyewahi kulipiza kisasi akabaki na kazi yake. Yupo. Anaitwa Jerusha, mama wa Kitale, mpika chai wa klabu ya kompaundi moja ya wazungu kule Al Thumama tangu 2008. Hana kelele. Akikuchukia hutajua, utaona tu chai yako inafika ikiwa vuguvugu.

Kompaundi ilikuwa na nyumba ishirini na mbili. Kumi na mbili za Waingereza, wengi wao wazaliwa wa mashamba ya Kenya na Zimbabwe. Kumi za Makaburu wa Afrika Kusini. Ukiwaona kwa swimming pool utasema ni ukoo mmoja. Wapi. Kila kundi lilikuwa na kamati yake, na kila kamati ilikunywa chai ya Jerusha. Waingereza walikuwa wakisema Makaburu ni washamba. Makaburu walianza na sala, halafu wanakumbushana kambi ambazo Mwingereza alifungia wanawake na watoto wao wakafa humo, vita ya miaka mia na zaidi iliyopita, wanaiongea kama ya juzi.

Mkubwa wa Waingereza alikuwa Bwana Aldridge, mzaliwa wa Kitale. Alipenda kuongea na Jerusha Kiswahili chake cha kuamrisha, kile babake alitumia shambani. Hata kwa kikao cha pamoja angemgeukia amtukanie Makaburu mbele yao wenyewe, halafu acheke peke yake. Makaburu hawakujua Kiswahili, kwa hivyo aliona ni siri ya watu wawili. Jerusha naye alikuwa akijibu, "Ndiyo, Bwana."

Huyu Aldridge ndiye aliyemrudisha Charity nyumbani. Charity alikuwa mfanyakazi wa ndani kwake, msichana wa Kisii, rafiki wa Jerusha na mwenzake wa kwaya. Agosti ya 2011, joto la kuua mtu, Charity alikaa pembeni ya swimming pool, mahali wafanyakazi walikatazwa, akatumbukiza miguu. Miguu tu. Aldridge akampiga picha, akaituma kwa ejenti aliyemleta kazini. Siku nne baadaye Charity alikuwa kwa ndege na nguo alizovaa. Kitabu chake cha nyimbo kilibaki, na Jerusha amekibeba kanisani Abu Hamour kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, tangu siku hiyo.

Sasa, 2013, mwenye kompaundi, Mqatari asiyependa makelele, akawaambia wazungu atasikiliza kamati moja, si mbili. Wakalazimika kuungana. Walivutana miezi mitano. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwa lugha gani. Nani akae kiti. Bendera gani itundikwe. Mwisho wakafanya biashara: Makaburu wapewe sala kwa lugha yao, Waingereza wapewe kiti na basi la Ijumaa liende golf.

Basi la Ijumaa ndilo lilikuwa likipeleka wafanyakazi kanisani.

Aldridge mwenyewe ndiye aliyempa Jerusha habari, akitabasamu. "Ijumaa hapana kanisa tena. Wewe kaa hapa, pika chai ya golf."

"Ndiyo, Bwana."

Haji, dereva wa basi, Mzanzibari, alimkuta jikoni akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. "Dada Jerusha, utaitoboa hiyo."

"Nitatoboa kitu," Jerusha akasema.

Alikuwa na kitu ambacho Aldridge hakuwa nacho. Mkubwa wa Makaburu, Bwana van Wyk, aliishi na mamake mzee, Hettie. Hettie hakuwahi kuja mikutano, lakini jikoni alikuja karibu kila siku. Na jikoni aliongea Kiswahili, kizuri kuliko cha Aldridge, kwa sababu alizaliwa Eldoret akakaa huko mpaka wazungu wake walipokimbia uhuru. Jerusha alijua hivyo miaka mitatu. Hakumwambia mtu.

Siku ya kutia sahihi alimwendea. "Memsab, leo njoo ukae karibu na birika. Chai itakuwa moto."

Akamkalisha nyuma kabisa ya kiti cha Aldridge. Makubaliano yakasomwa. Kalamu zikatoka. Jerusha akabeba sinia, akainama kwa sikio la Aldridge, na hakunong'ona.

"Bwana, nianze na nani, wenu ama Makaburu?"

Aldridge alikuwa na furaha ya mshindi. "Pa hii makaburu kwanza. Babu yangu nafunga bibi yao kwa kambi. Kosa yake moja tu, nafungua mlango."

Jerusha akamimina chai. Nyuma yake kikombe kikawekwa chini polepole.

"Rudia hiyo, Bwana Aldridge," Hettie akasema kwa Kiswahili cha Eldoret. "Nyanya yangu alizika watoto wawili kwa hiyo kambi. Rudia, mtoto wangu hajasikia."

Halafu akamgeukia mwanawe, akamtafsiria neno kwa neno. Van Wyk akafunika kalamu yake. Makaburu wote wakainuka, chai haijaguswa. Muungano ukaishia hapo, na mwenye kompaundi, kwa kukosa kamati moja ya kusikiliza, akaacha kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na basi.

Hettie alimfuata Jerusha jikoni. "Ulijua nitasikia."

"Nilijua, memsab."

"Ulinitumia."

"Ulikubali Ijumaa yangu iuzwe kwa sala yenu. Mwanao alikuambia, nawe hukusema kitu." Jerusha akampa kikombe. "Kunywa, ni moto."

Aldridge hakuweza kumshtaki. Angesema nini, kwamba mpika chai aliuliza aanze na nani?

Ijumaa Haji aliwasha basi kama kawaida. Jerusha alimpigia Charity simu akiwa njiani, kitabu cha nyimbo mapajani.

"Alilia?" Charity akauliza.

"Hapana. Alitafuta mahali pa kuangalia, akakosa."

"Niambie tena," Charity akasema. "Anza pale kwa kikombe."