Gogo la Mubanga

Siku Mwenze alipomwona Odile kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amekalia gogo la mubanga, mti mgumu kama chuma, mbele ya nyumba yake ya kampuni, huko Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Shemeji yake, Kabongo, alisimama mbele yake na shoka begani.

Mwenze alikuwa mpakuaji wa lori la kuni za wafanyakazi. Aliielewa hali palepale. Kabeya, mume wa Odile, alikuwa amezikwa, matanga yamekwisha. Kwa desturi ya watu wao, mwanaume akipasua kuni uani kwa mjane, na mjane akazipikia, basi amemchukua kuwa mkewe.

"Inuka, mama," alisema Kabongo. "Uyu muti haiko wa banamuke."

"Baiskeli ya marehemu ulishabeba, tata. Mi siko baiskeli."

Majirani wakacheka. Odile akainuka taratibu. "Haya, pasula. Ikikushinda, usirudi tena hapa."

Kabongo akapiga katikati kabisa ya gogo. Shoka likanasa. Akalivuta, akalipinda, mpini ukavunjika mikononi mwake.

Mwenze viganja vilimwasha. Mubanga ukishakauka haupasuliwi moyoni. Unaanziwa pembeni, penye ufa, ganda baada ya ganda. Lakini angepiga hata mara moja, watu wangesema ni yeye aliyemchukua, na kinywa chake hakikuwa tayari kulitamka jambo hilo. Akachukua kabari ya chuma kwenye lori, akaiweka chini karibu na gogo, akaonyesha pembeni kwa kidole.

"Kabari iache, tata," Odile alisema. "Mikono yako, rudi nayo."

Wiki nzima Odile alilipiga gogo lile kwa kabari ile na shoka lake mwenyewe. Alipikia magunzi, akafunga viganja vitambaa, akatukana mti, akaendelea. Lilipopasuka hatimaye, kambi nzima ilisikia. Akasonga bukari, ugali wa kwao, kwa kuni zile, na sahani ya kwanza akampelekea Kabongo.

Kampuni ilipoidai nyumba ya mfanyakazi wake marehemu, Odile hakumwomba mtu. Alipanda treni ya Lubudi, aende kwa ndugu zake akalime. Mwenze alimbebea mzigo hadi stesheni, shoka likiwa limefungwa juu yake. Treni ilipopiga honi ndipo alipopata sauti.

"Na kule, mama… nani atakupasulia kuni?"

Odile akaupokea mzigo wake dirishani, akamtazama, akacheka.

"Siku nitachoka, tata Mwenze, mi mwenyewe nitaita mutu kwa jina lake. Bado siyachoka."