Kisiwa Hakikosi Mwenyeji

Mama alipofika Brussels kutoka Bukavu, baada ya vita vya mwaka tisini na sita, sisi watoto wake tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba harudi. Baba alikuwa amekufa, nyumba imeporwa, arudie nini? Tulimpa chumba kwangu, mtaa wa Ixelles, akawa anakaa dirishani akitazama mabasi yanavyopita. Alilalamika kwamba maji ya mji huu yote yako juu, yanaanguka tu, chini hakuna hata ya kutazama. Alikuwa amezoea kuamka na kuliona ziwa la kwao. Kila wiki alisema atarudi kwake, na kila wiki tulimgeuzia maneno.

Basi mimi nikajiona mjanja. Kiangazi nilimpandisha treni katika stesheni ya Gare du Midi hadi kusini mwa Ufaransa, kisha tukachukua boti mpaka kisiwa kidogo katika bahari ya Mediterania, tukizunguke kwa miguu siku nzima. Aone maji, nilijisemea, moyo utatulia.

Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya visigino, na kichwani alibeba kapu la maandazi. Wazungu wenye kaptula na mabegi mgongoni walitupisha njia kwa heshima kubwa. Tulikuwa hatujafika mbali aliposimama.

"Tunaenda kwa nani?"

"Hakuna muntu, maman. Tunatembeya tu, tunaangaliya."

"Muntu anaingiya mu inchi ya benyewe bila kusalimiya? Nani alikulea weye?"

Hasira zilinipanda. Njia ilikuwa nzuri mno, misonobari ikinukia kwa jua, bahari ya kijani chini ya miamba, na yeye haangalii chochote ila mapaa ya nyumba. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo alivyotulea, na maandazi yake yalikuwa yakitafuta mwenyeji.

Akampata. Nyuma ya ukuta mfupi, bibi mmoja wa Kifaransa alikuwa akimwagilia nyanya. Mama akainama kidogo, akamsalimia kwa Kiswahili, akamnyooshea kapu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Yule bibi alifuta mikono kwenye aproni, akafungua lango, akatuletea viti na maji baridi. Andazi la kwanza alilila bila kuuliza ni kitu gani, na la pili akalifuatisha.

Wakaanza kuzungumza, mimi katikati nikitafsiri. Mama alitaka kujua watoto wa bibi wako wapi. Wako mjini, ng'ambo, alijibu, na kila wakija wanamsihi ahamie kwao. Kisha akaelekeza kidole kwenye kilima chenye makaburi.

"Mume wangu yuko pale," alisema. "Nikiondoka, nani atakuja jioni kumpasha habari za siku?"

Baba alizikwa harakaharaka nyuma ya nyumba, sisi watoto tukiwa huku Ulaya, na mama peke yake ndiye anayejua mahali penyewe. Maneno ya yule bibi nilitaka kuyameza, maana yalikuwa yanabomoa yote niliyoyapanga. Mama akanigusa goti.

"Anasema nini?"

Nikamtafsiria yote, mpaka zile habari za jioni. Mama hakulia. Aliushika mkono wa yule bibi, wakakaa hivyo muda mrefu, hawanihitaji tena.

Kwenye boti ya kurudi niliogopa kumtazama. Niliogopa kweli, kama nilivyoogopa siku ile simu ya msiba ilipolia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Maneno ya ule mama, ulinipatiya yote bila kupunguza. Asante."

"Ndiyo, maman."

"Bon. Yangu ni moja tu: ninarudiya Bukavu. Upelekee bandugu yako vile vile, bila kupunguza."