Hodi yangu ya Kiwayu

Leo nimewakimbiza wanawake wa nyumba nzima.

Huu ndio mwaka wangu wa kwanza wa darsa hapa Amu, mjini Lamu. Mchana hula kwa Bwana Athmani, naye hunipokea mlangoni. Leo hakuwepo.

Nikapiga hodi, nikapita moja kwa moja hadi uani, kama kwetu Kiwayu.

Walikuwa vichwa wazi, maskini. Wakakimbilia vyumbani.

Bi Zena, mkewe, akasema nyuma ya pazia, kwa upole, "Mwanangu, hapa mgeni hungoja dakani."

Nikatoka. Sahani ikaletwa huko dakani, kibarazani nje ya mlango. Wali kwa samaki.

Nikairudisha sahani ingali imejaa.

Mliotangulia masomoni, niambieni, haya huzoeleka?

Maana kwetu, apigaye hodi akabaki nje huwa kaleta habari ya msiba.