Vidole Gumba Kumi na Kimoja

Katika kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi mjini Thika, mashine ikikwama tulimwita fundi mkuu. Alikuja na sanduku lake la zana, akatugeuzia mgongo, akatengeneza, akaondoka bila neno. Mimi nilikuwa mshonaji wa kola tu, lakini kila alipoinama nilisogeza kiti changu kidogo ili niione mikono yake, na nikifika nyumbani niliandika nilichokiona kwenye daftari. Alipostaafu na kurudi kwao hakumwachia mtu maarifa yoyote. Mashine tatu alizozielewa yeye peke yake zilikaa chini ya turubai mpaka zikauzwa kama vyuma chakavu. Kwa kukosa mtu mwingine, wakubwa wakanipa mimi lile sanduku.

Niliacha kazi nikiwa na madaftari manne. Sasa naishi Ruiru, natengeneza cherehani za watu, na blogu niliianzisha kwa sababu ya zile mashine za chini ya turubai. Sikutaka madaftari yangu yaishie kufungia njugu sokoni. Nilijifundisha kuunda blogu kwa kutazama video na kurudia kila hatua mpaka ikakubali. Niliandika kwa Kiswahili, tatizo moja kwa kila makala: uzi unaokatika, mshono unaoruka, kitambaa kisichosonga. Nikajiwekea sharti. Kama shule zingefungwa mwisho wa mwaka kabla mtu hata mmoja nisiyemjua hajaniandikia kuhusu mashine yake, ningeifunga blogu na kurudisha madaftari kabatini. Sikutaka kuwa mtu anayeongea peke yake.

Basi nikaanza kuitangaza. Nilituma linki kwenye kila kundi la WhatsApp nililokuwemo. Katika kundi la wapangaji wa ploti yetu, keateka anayesimamia nyumba alinijibu haraka.

"Madam, samahani. Hii group ni ya maji na takataka."

"Na stima," mpangaji mmoja akaongeza.

Kundi la akina mama wa kanisa lilikuwa na adabu zaidi. Mwenyekiti aliandika, "Ubarikiwe kwa ujumbe huu mzuri," sekunde chache tu baada ya mimi kutuma. Hakuna anayesoma kwa kasi hiyo. Kundi lililonipa moyo ni la tuliofanya kazi pamoja kiwandani, ambao wengi wao siku hizi ni mafundi wa nguo. Huko vidole gumba vya kupongeza havikukosekana. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika: kundi gani, vidole vingapi, na kaunta ya blogu imehesabu wageni wangapi. Wiki ya makala kuhusu mshono unaoruka ilileta vidole gumba kumi na kimoja na wageni wawili. Mmoja wa wale wawili alikuwa mimi.

Nilibadilisha kichwa cha habari. Nilibadilisha saa ya kutuma. Niliweka picha ya cherehani yenye maua. Vidole vikaja, wageni hawakuja. Nikaanza kuamini kwamba wananionea huruma.

Rafiki yangu ambaye kiwandani alikuwa mpiga pasi sasa ana kibanda cha kushona karibu na stesheni ya Ruiru. Kushona alijifunza ukubwani, kwa mashine iliyotumika aliyoinunua kiwanda kilipopunguza vitu. Asubuhi moja mwezi wa tisa alinipigia.

"Injinia, njoo. Hii mashine imekataa kazi."

"Inafanyaje?"

"Inaruka mshono kama mbuzi. Nilibadilisha sindano tu, basi. Na niko na sketi za shule nzima hapa!"

"Lakini niliandika habari hiyo hiyo. Ukaweka kidole gumba."

"Nilikuwekea. Mimi hukuwekea kila mara. Si wewe ni rafiki yangu?"

"Ulisoma?"

Akacheka. "Ai! Kusoma tena? Haifungukangi."

Nilienda. Sindano ilikuwa imewekwa kinyume, kosa la dakika mbili. Nilipomaliza nilimwomba afungue linki yangu nikiona. Aliigusa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha likaja tangazo kwamba hana bando la intaneti.

"Si sasa hivi ulikuwa unaongea na dada yako kwa video?"

"Hiyo ni WhatsApp. Mimi hununua bando la WhatsApp pekee. Hizo zingine ni za watu kama nyinyi mko na waifai kwa ploti."

"Miezi yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Ngai! Ningekuambiaje, na ulikuwa unafurahi hivyo?"

Nilitembea kwenye mstari mzima wa vibanda nikimuuliza kila fundi bando lake. Jibu lilikuwa lile lile, isipokuwa kwa mzee mmoja aliyeniambia ana intaneti kamili lakini hataki kujua mambo. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na pia nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa miezi mingi. Hawakunidharau. Nilikuwa nimewawekea chakula nyuma ya mlango ambao hawakuwa na ufunguo wake.

Siku iliyofuata nilianza kutuma makala yenyewe ndani ya ujumbe. Nilikata maneno mpaka hatua moja ikaenea kwenye kioo cha simu bila kusukuma. Picha zisizidi tatu. Kwa wale ambao mikono yao iko kazini nilirekodi sauti. Rafiki yangu alisikiliza rekodi ya kwanza mpaka mwisho.

"Unasoma kama matangazo ya vifo redioni," akasema. "Changamka kidogo. Ni sindano tu, hakuna mtu amekufa."

Nilirudia mara saba.

Shida ni kwamba kaunta sasa haikuwa na cha kuhesabu. Ilishuka hadi sifuri na kukaa hapo. Vidole gumba vilibaki vile vile, na kwa kuwa nilishajua maana yake, sikuviandika tena. Oktoba ikapita. Hakuna mgeni aliyeniandikia. Nilianza kutazama kabati nikikadiria ni rafu gani madaftari yataingia.

Jumapili moja mwezi wa kumi na moja, tulipotoka ibadani, mwenyekiti wa akina mama alituma ujumbe kwenye kundi: "Kwa wanaoshona, someni hii, imetoka Thika." Juu yake simu ilikuwa imeandika kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Nilisoma nikiwa nimesimama karibu na geti, viatu vya kanisa vikinibana. Ilikuwa makala yangu ya mshono unaoruka, neno kwa neno. Jina la blogu lilikuwa limekatwa. Mwishoni mtu alikuwa ameongeza "Mbarikiwe" na mikono ya maombi. Katika hatua ya tatu palikuwa na maneno ambayo sikuyaandika:

"Hapa aliyeandika amekosea kidogo. Cherehani zingine za miguu za zamani uzi unaingia kutoka kulia, sio kushoto. Angalia kwanza uzi unaingilia wapi. Ule mfereji mrefu wa sindano uangalie huko."

Nilikasirika kwa umbali wa kutoka kanisani hadi nyumbani. Kwenye kona ya chumba palikuwa na cherehani ya miguu ya mteja, kuukuu, ikingoja mkanda. Nilivua viatu nikaichunguza. Uzi uliingilia kulia. Nikaweka sindano kama nilivyokuwa nimefundisha, mfereji kushoto, ikaruka mshono. Nikaigeuza, ikashona moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeandika kana kwamba dunia nzima ni mashine za kiwandani. Mtu huyu kwa sentensi moja alikuwa ameweka kanuni inayofaa zote mbili, na kanuni yake ilishinda aya zangu mbili.

Nilimpigia rafiki yangu nikamweleza, nikicheka.

"Umeibiwa, na bado unacheka?"

"Amenisahihisha."

"Na hilo ndilo la kufurahia? Injinia, wewe ni mgonjwa."

"Amesoma mpaka hatua ya tatu, tena na mashine mbele yake."

"Hiyo ni kweli," akasema. "Basi mtafute."

Mwenyekiti alikuwa ameupata ule ujumbe kwa dadake wa Makongeni kule Thika, dadake kwa mke wa mchungaji, naye kwa fundi wake wa nguo. Siku ya nne huyo fundi alinipa nambari ya aliyeongeza yale maneno, mama mmoja anayeshona mifuko ya shule karibu na soko la Thika. Nikampigia.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Mimi nilidhani ni mwanaume. Hata nilisema, hawa wanaume hawajui cherehani za miguu."

"Ulikuwa sahihi. Nimeijaribu."

"Najua niko sahihi. Hiyo imelisha watoto wangu."

Tulizungumza mpaka salio langu likakatika. Baadaye nilikumbuka kwamba sharti langu lilisema mtu aniandikie, na huyu nilimtafuta mwenyewe. Sipendi kujipunguzia masharti. Niliacha suala hilo wazi.

Asubuhi yake ilifika picha kutoka kwake. Ilikuwa daftari la shule lenye doa la mafuta ya mashine, na ndani makala zangu tano zilizonakiliwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa kulala, zikiwa na michoro ambayo mimi sikuichora. Chini aliandika: "Hapa kwangu bobini inachanganya uzi kila nikishona turubai. Ulisema utaandika hiyo. Iko wapi? Tunangoja."

Shule zilifungwa wiki hiyo, ujumbe wake ukiwa umeshafika. Nilikaa mezani, nikasahihisha hatua ya tatu kwenye blogu na kuandika kwamba kanuni hiyo ni ya fundi wa mifuko wa Thika, kama alivyotaka aitwe. Kisha nikafungua daftari la tatu mahali penye bobini, nikaanza. Kabla ya kuzima simu nilitazama kaunta. Ilionyesha mgeni mmoja, ambaye alikuwa mimi, nikihakikisha koma.