Mukorea Aliyetufundisha Kuinama

Mimi ni kochi wa mupira hapa Bunia, na nikisema kazi hii nilifundishwa na Mukorea, watu wanacheka. Wacheke! Nilikuwa kapiteni wake wakati wa vita, miaka ile ambayo mutu wa kartie moja, yaani mutaa mumoja, hakuweza kuvuka barabara kubwa, aende kwa wengine na arudi muzima.

Kwao Korea alicheza mupira wa kweli, divizio ya kwanza, mupaka goti likavunjika. Akawa kochi wa vijana, kisha akaja kwetu na watu wa kanisa. Watoto walimuita Muchina barabarani. Alisimama kila mara kuwarekebisha: "Muchina hapana. Mukorea." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini tulimuelewa. "Mimi goti kwisha," alituambia tulipoanza. "Nyinyi goti iko. Kimbia!"

Bwana we, tulikimbia! Ekipe yake, timu yetu, ilikuwa na vijana wa makabila yote mawili yaliyokuwa yanauana. Kwingine kote mujini walipeana risasi tu. Kwake tulipeana mupira, na mupaka leo ninajivuna nikikumbuka.

Sheria yake moja ndiyo ilileta maneno. Kabla ya kucheza, lazima tujipange mbele ya wapinzani na kuwainamia, mugongo chini kabisa, macho kwenye majani. Tukishinda, tukishindwa, tunainama tena. Kwao ndivyo mutu anavyomuheshimu mwenzake. Basi wamama wa kanisa wakatuona, na habari ikaenea: Mukorea anafundisha watoto kuabudu watu!

Musemaji wa wamama hao alikuwa mama yangu, na mama yangu, Mungu wangu, hakuogopa mutu.

"Kesho ninakuja kukutoa kule," aliniambia akipika sombe, majani ya mihogo. "Mutoto wangu anainamia Mungu peke yake."

"Mama, heshima si utumwa."

"Tangu lini weye ni pasta?"

Nikitoka mimi kapiteni, vijana wa upande wetu wangenifuata, na ekipe ingebaki ya kabila moja, sawa na vikundi vyote vya bunduki vya mujini. Nilimuomba sana. Alifunika sufuria, akaenda kusali.

Kesho yake akaja kweli. Asubuhi hiyo, kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari kijana ambaye mama angeweza kumuzaa alimupiga kofi na kumwaga mihogo yake kwenye matope. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichoona ni mama anaingia uwanjani na kikwembe alichojifunga kichafu, hasira imemupanda, anakwenda moja kwa moja kwa kochi.

"Weye! Unafundisha mutoto wangu nini?"

Kochi alipiga filimbi, tukajipanga nyuma yake. Kisha akabana mikono kwenye mapaja, akainama mbele ya mama. Mutu aliyechezea divizio ya kwanza ya kwao, anamuinamia muuza mihogo mwenye matope! Wala hakuwa na haraka ya kuinuka. Nasi tukainama, makabila yote mawili.

Niliinua macho kidogo: mama alikuwa amerudi hatua moja nyuma. Tangu vita ianze watu walimusukuma, walimutukana, walimuuliza kabila lake. Hakuna aliyemusalimia hivi. Niliogopa atalia mbele ya wenzangu.

Hakulia. Alianza kupita kwenye mustari wetu, anatukagua mumoja mumoja, mupaka akafika kwa golikipa. Huyo alikuwa kijana wa upande ule mwingine, wa kabila la wale waliochoma nyumba yetu, na mama alijua vizuri. Akasimama hapo. Nilifunga macho, nikafungua tena. Alikuwa ameweka mukono kwenye mugongo wa yule kijana, anausukuma chini polepole.

"Inama vizuri," alimuambia, "mutoto wangu."