Mama wa Skani na Mgongo wa Mjukuu Wangu

Nilikuwa nachagua mboga sokoni Kakamega Jumatatu, muuzaji aliponiambia kuwa yule mama wa skani amefariki. Hakuhitaji kumtaja jina. Kuanzia Shinyalu hadi Shianda, wanawake wengi wamelala kwenye kitanda chake kupimwa mimba, tumbo wazi, wakimtazama usoni kwa sababu picha za mashine hawakuzielewa. Walichoogopa ni ukimya wake ukizidi.

Nami niliuogopa nilipompeleka binti yangu, mimba ikiwa ya miezi mitano. Mama yule alipitisha kifaa tumboni, akarudi palepale mara tatu, kisha akatoka kuchukua fomu. Nikamfuata. "Daktari, kama kuna ubaya niambie mimi. Huyu ana mtihani wiki ijayo."

"Mimi si daktari, mzee. Na mimba si yako."

Akarudi ndani, akaketi karibu na binti yangu. "Mifupa ya mgongo wa mtoto haijafunga hapa chini. Usizalie nyumbani wala kituo kidogo cha afya. Atahitaji upasuaji mapema."

"Atatembea?"

"Sijui. Sitakudanganya."

Nilimkasirikia miezi kadhaa. Baadaye aliniambia kwamba alipoanza kazi, aliona mgongo kama huo, lakini mama mkwe wa mgonjwa alikuwa chumbani, amejaa furaha, naye akashindwa kusema. Mtoto alizaliwa nyumbani na kidonda mgongoni, wakakifunga kwa leso. Hakumaliza wiki mbili. Mjukuu wangu alizaliwa kwa upasuaji, mgongo wake ukazibwa kesho yake. Leo anatembea kwa vyuma miguuni.

Baada ya mazishi nilipita kliniki alikofanyia kazi. Mlango ulikuwa na kufuli, na hakuna aliyejua kama ataletwa mwingine. Mwanamke mjamzito alikuwa amesimama pale, akageuka kwenda zake. Nikamsihi aende hospitali kubwa siku hiyohiyo. "Si lazima, baba," alinijibu kwa upole. "Mtoto anachezanga vizuri. Ako tu sawa." Akapanda bodaboda, akaondoka.

Wengi wetu hudhani tunamhurumia mtu kwa kumficha habari za mwili wake, kumbe tunamnyima muda wa kujiandaa. Mama wa skani alijifunza hilo kwenye kaburi la mtoto yule wa kwanza, akakubali kuchukiwa. Sasa hayupo, na yule mwanamke yuko njiani kurudi nyumbani, ametulia kwa sababu tumbo linachezacheza. Mjukuu wangu naye alikuwa akicheza tumboni.